Edward Tingatinga, Fundi wa Picha

Ukienda mjini Unguja ukapita mtaa wa Gizenga, utaona picha zimetundikwa kwenye kuta za nje ya maduka. Nyingi ni za wanyama. Yuko tembo, yuko chui mwenye madoa, wako ndege wenye shingo ndefu. Rangi zake ni kali na zinang'aa. Huku kwetu pwani ya mashariki pia zipo. Vijana huzipanga karibu na hoteli, kutoka Chwaka na Uroa hadi Kiwengwa, na wageni husimama kuzitazama.

Watu huziita picha za tingatinga. Kwa kuwa tingatinga kwa Kiswahili ni trekta, wapo wanaodhani kwamba picha hizi zina uhusiano na trekta. Hazina. Tingatinga hapa ni jina la mtu. Jina lake kamili ni Edward Saidi Tingatinga.

Mtu huyu hakuwa Mzanzibari. Hakusoma skuli yoyote ya uchoraji. Alianza kuchora akiwa mtu mzima, baada ya kufanya kazi nyingi za vibarua. Alichora kwa muda wa miaka minne tu, kisha akafa. Lakini kitu alichokibuni kinalisha watu hadi leo, Bara na Visiwani.

Kijana wa Tunduru

Edward Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namonchelia, wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanzania. Baadaye kijiji hicho kilijulikana kwa jina la Nakapanya. Tunduru iko karibu na mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Msumbiji. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza.

Mama yake aliitwa Agnes Ntembo, naye alikuwa Mmakua. Baba yake aliitwa Saidi Simbora, naye alikuwa Mngindo. Wazee wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Ukilitazama jina la mtoto wao utaona dini mbili zimekaa pamoja: Edward na Saidi.

Tunduru ni nchi ya misitu na wanyama wa porini. Tembo huingia mashambani na kula mazao. Simba na chui husikika usiku. Sisi wa Unguja wanyama hawa wengi wetu tumewaona katika picha tu. Kwa mtoto wa Tunduru walikuwa majirani, tena majirani wabaya. Jambo hili tulikumbuke, maana baadaye wanyama hawa ndio walioijaza kazi yake.

Alisoma skuli ya msingi tu. Hakuendelea zaidi. Fedha haikuwepo, na skuli za juu zilikuwa chache sana kusini. Kijana aliyetaka fedha ya kulipa kodi au kununua nguo ilimbidi aondoke kwao.

Kukata mkonge

Katikati ya miaka ya 1950 Edward aliondoka. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kutoka Tunduru hadi Tanga kwa njia ya barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Vijana wengi wa kusini walisafiri safari hiyo. Waliitwa manamba. Neno hili linatokana na namba, kwa sababu kila kibarua alipewa namba yake, na kwa namba hiyo ndiyo alihesabiwa kazi.

Kazi ya mkonge ni ngumu. Majani yake ni marefu, na ncha zake zina miiba inayochoma kama sindano. Kibarua huyakata kwa kisu, huyafunga mafungu, kisha huhesabiwa mafungu hayo. Akipunguza, siku yake haihesabiwi. Mkonge ulileta fedha nyingi kwa nchi na kwa wenye mashamba. Kibarua alipata kidogo sana.

Edward hakukaa Tanga maisha yake yote. Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam.

Mtunza bustani

Dar es Salaam alikuwepo ndugu yake aliyeitwa Salum Musa. Watu walimwita Mzee Lumumba. Yeye alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu. Kwa msaada wa ndugu huyu Edward alipata kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya ofisa wa Kiingereza, huko Msasani.

Kazi ya bustani si ya kuchora. Lakini ni kazi ya mtu anayetazama. Mtunza bustani hupanga maua kwa rangi, hukata majani, huona kipi kinapendeza macho na kipi hakipendezi. Tena huona ndani ya nyumba ya tajiri kuna nini. Huona mabwana hao wanapenda kutundika nini ukutani. Mimi naamini kwamba miaka hiyo ya bustani ilimfundisha Edward mambo ambayo hakuna skuli iliyoyafundisha.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru. Waingereza wengi waliokuwa maofisa waliondoka. Mwajiri wa Edward naye aliondoka, na Edward akakosa kazi. Miaka iliyofuata alifanya vibarua mbalimbali mjini. Leo anapata, kesho hapati. Ndivyo walivyoishi wengi waliotoka mashamba kwenda mjini, na ndivyo wanavyoishi wengi mpaka sasa.

Alikuwa mtu wa ngoma na muziki. Kazi ikimalizika alipenda kukaa na wenzake wa kusini katika ngoma zao. Watu wa kusini waliokuwa Dar es Salaam, Wamakua, Wamakonde, Wangindo na Wayao, walikuwa pamoja sana. Wamakonde walikuwa wakichonga vinyago vya mpingo na kuviuza kwa wageni. Edward aliona kwamba mtu asiye na skuli kubwa anaweza kupata riziki kwa mikono yake, ikiwa tu ana kitu ambacho mwengine anakitaka.

Picha ya kwanza

Mwaka 1968 Edward alianza kuchora. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Siku hizo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao Dar es Salaam. Wazungu walizinunua. Edward alizitazama picha hizo akaona kwamba na yeye anaweza kufanya kazi kama hiyo. Ilibaki swali moja: achore juu ya nini, na kwa rangi gani?

Wachoraji wa Ulaya huchora juu ya kitambaa kizito kilichowambwa kwenye fremu. Hutumia rangi za tyubu zinazotoka nje, nazo ni ghali. Edward hakuwa na fedha ya vitu hivyo. Basi alitazama duka la vifaa vya ujenzi na duka la baiskeli.

Katika vifaa vya ujenzi alichukua ubao wa dari. Ni ule ubao mpana, mwembamba, wa rangi ya kahawia, ambao mafundi huuita hadibodi. Upande mmoja ni laini na upande wa pili una mikwaruzo kama wavu. Upande laini ndio wa kuchora. Kwa fundi wa baiskeli alichukua rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya makopo madogo, ambayo watu hupakia baiskeli iliyochakaa ili ionekane mpya.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Ubao wa dari huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa futi 8. Ukiukata vipande vya mraba vya futi 2 kwa futi 2, utapata vipande 8. Hakuna kinachobaki, hata ukanda mmoja wa kutupa. Picha nyingi za Tingatinga ni za kipimo hicho hicho, futi 2 kwa futi 2, yaani karibu sentimita 60 kila upande. Mama anayesuka mkeka ataelewa mara moja. Yeye naye hupima upana wa ukili na urefu wa mkeka kabla hajaanza, ili asipoteze ukili wala asipungukiwe katikati ya kazi.

Kipimo hicho kilifaa pia kwa mnunuzi. Mgeni aliweza kuichukua picha kwapani akaenda nayo. Aliweza kuitia katika sanduku kubwa akapanda nayo ndege. Kinyago kikubwa cha mpingo ni kizito na husumbua safarini. Ubao wa futi 2 haumsumbui mtu.

Namna alivyofanya kazi

Rangi ya baiskeli ina tabia yake. Haichanganyiki vizuri juu ya ubao. Ukitaka kutoka rangi moja kwenda nyengine pole pole, kama mawingu wakati wa magharibi, rangi hii haikubali. Inakaa ilipowekwa. Hukauka ikawa ngumu na yenye kung'aa. Maji hayaidhuru upesi, maana ilitengenezwa ikae juu ya chuma na mvua.

Mchoraji mwengine angelalamika. Tingatinga aliifuata tabia ya rangi yake. Hakujaribu kuilazimisha ifanye isichoweza. Alipaka kwanza ubao wote rangi moja: nyeupe, au njano, au buluu. Aliacha ukauke. Kisha juu yake alichora mnyama mmoja. Akamjaza rangi. Mwisho akatia madoa, mistari, macho na kucha.

Kwa kuwa rangi ya mafuta huchelewa kukauka, fundi wa kazi hii haketi kuitazama picha moja. Wakati ubao mmoja unakauka, mwengine anaupaka, na wa tatu anautia madoa. Ni kama mwanamke mwenye mafiga matatu na vyungu vitatu.

Tuitazame picha moja ya chui. Chui amesimama peke yake katikati ya ubao. Mwili wake unaonekana wa ubavuni, lakini uso umegeuka kutuangalia. Macho ni makubwa na ya mviringo. Mkia umepinda juu ili uingie ndani ya mraba, usikatike. Madoa yamepangwa safu safu, kama nakshi ya kitambaa. Nyuma yake hakuna mlima, hakuna mti, hakuna jua. Kuna rangi moja tupu.

Kwa nini hakuna mlima wala mti? Mtu anaweza kujibu kwamba Tingatinga hakujua kuvichora. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Picha hizi ziliuzwa nje, kandoni mwa njia. Mtu alizipita akiwa ndani ya gari au akitoka dukani na vikapu. Ilikuwa lazima aione picha mara moja, kutoka mbali, ajue huyu ni chui na huyu ni tembo. Mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi moja huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Picha yenye vitu vingi inataka mtu aje karibu, na mtu mwenye haraka haji karibu.

Hakuchora wanyama tu. Alichora pia ndege, watu, na mambo ya kijijini. Lakini wanyama ndio waliotafutwa zaidi. Wageni wa Dar es Salaam walitaka kurudi kwao na mnyama wa Afrika, na Tingatinga aliwapa mnyama. Hata hivyo, wanyama wake si wale wa vitabu vya skuli. Wengine wana sura kama ya mtu anayestaajabu. Wengine wanachekesha kidogo. Mtu aliyekulia Tunduru, aliyesikia wazee wakisimulia habari za simba na fisi, alimjua mnyama kwa namna nyengine kabisa.

Chini, pembeni, aliandika jina lake kwa herufi za wazi: E. S. Tingatinga.

Morogoro Stores

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam kuna sehemu inayoitwa Oyster Bay. Wakati wa ukoloni ilikuwa sehemu ya Wazungu. Baada ya Uhuru walikaa humo mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali. Hapo palikuwa na duka lililoitwa Morogoro Stores, ambapo watu hao walikwenda kununua mahitaji yao.

Tingatinga alipeleka picha zake hapo hapo, nje ya duka. Hakusubiri mnunuzi amtafute uswahilini. Alimfuata mahali anapopita kila siku.

Mwaka 1970 alimuoa Agatha Mataka. Mke alishiriki katika kazi. Mume alichora na mke alisaidia kuuza. Walipata watoto wawili, Martina na Daudi.

Mwaka huo huo wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania, na watu wazima wengi waliingia darasani kujifunza kusoma na kuandika. Nchi ilikuwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno kujitegemea lilisikika kila mahali. Vitu vilivyotengenezwa na mikono ya Watanzania vilipewa heshima mpya. Kampuni ya umma iliyoitwa National Arts of Tanzania ilianza kununua picha za Tingatinga na kuziuza. Sasa hakuwa tena mtu wa kuuza chini ya mti tu.

Picha zilipoanza kutakiwa kwa wingi, mikono miwili haikutosha. Tingatinga aliwaita jamaa zake na vijana wa kwao. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Omari Amonde. Aliwafundisha kazi.

Hakuwafundisha kwa ubao na chaki. Aliwafundisha kama fundi wa ngalawa hapa Uroa anavyomfundisha mwanawe. Mtoto kwanza hushika tezo la baba, hukusanya vipande vya mti, hutazama. Kisha hupewa sehemu ndogo achonge. Akiharibu, baba hurekebisha. Siku moja anaachiwa ubavu mzima. Vijana wa Tingatinga nao walianza kwa kupaka rangi ya chini, wakaendelea kwa kujaza rangi katika umbo alilochora mwalimu, mpaka wakaweza kuchora wenyewe. Kila mmoja baadaye alikuwa na mkono wake. Mjuzi akitazama picha ya Mpata na picha ya Linda atazitenganisha.

Kazi ya mchana na kazi ya usiku

Mwaka 1971 Tingatinga alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, kuhudumia wagonjwa. Wengine watashangaa. Mtu ambaye picha zake zinanunuliwa na mabalozi anatafuta kazi ya hospitali?

Lakini tufikiri kama mtu mwenye mke na watoto wadogo. Picha huuzwa leo, na mwezi mzima ukapita bila mnunuzi. Mshahara wa serikali huja kila mwisho wa mwezi. Mvuvi wa Uroa mwenye shamba la mihogo anafanya vivyo hivyo. Kusi ikivuma kwa nguvu na bahari haendeki, mihogo ipo. Tingatinga aliufanya mshahara kuwa shamba lake la mihogo. Hakuacha kuchora. Alirudi kutoka kazini akaendelea na mbao zake, pamoja na vijana wake.

Risasi

Mwaka 1972, usiku mmoja mjini Dar es Salaam, Tingatinga alikuwa ndani ya gari. Polisi walikuwa wakiwatafuta wezi. Walilidhania gari hilo kuwa ndilo la wezi wanaokimbia. Walipiga risasi. Risasi ilimpata Tingatinga, naye akafa.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa miaka 40, mhudumu wa hospitali, mume na baba. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo ambao hawakupata nafasi ya kujifunza kazi kwa baba yao. Kosa la dakika moja gizani halikuweza kurekebishwa tena.

Waliobaki

Wengi wangedhani kwamba kazi imekwisha. Mwenye jina amekufa, na duka halikuwepo. Lakini wale vijana walikuwa wameshajua. Walirudi Morogoro Stores, wakakaa palepale, wakachora. Waliwafundisha ndugu zao, na hao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 waliandikisha chama chao cha ushirika, nacho kikaitwa kwa jina la Tingatinga. Daudi, mtoto wa Edward, naye alipokuwa mkubwa alishika brashi.

Simon Mpata alikwenda Kenya. Alifariki mwaka 1984. Huko Japani picha zake zilipendwa sana, na watu wa Japani wamekuwa wanunuzi wakubwa wa picha za aina hii. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha hadithi za wanyama kwa ajili ya watoto wadogo, zilizochorwa kwa mtindo huu na kutengenezwa Nairobi. Ziliitwa Tinga Tinga Tales. Watoto wa London walilijua jina la mtu wa Namonchelia bila ya kujua kwamba ni jina la mtu.

Hapo pana jambo la kufikiri. Ni nani anayepata fedha ya jina hili?

Sheria ya hakimiliki humlinda mchoraji katika picha yake. Mtu hana ruhusa ya kuichukua picha ya mwenziwe na kuitoa nakala aiuze. Lakini sheria hailindi mtindo. Kuchora mnyama mmoja mwenye macho makubwa kwa rangi ya baiskeli si mali ya mtu mmoja. Yeyote anaweza kufanya. Kwa hiyo maelfu ya picha huuzwa kila mwaka kwa jina la Tingatinga, na ukoo wa Tingatinga hauna fungu katika mauzo hayo. Upande mwengine, kama mtindo ungefungiwa ndani ya ukoo mmoja, vijana wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Unguja wangekosa kazi. Mambo haya mawili yote ni kweli, na si rahisi kuyapatanisha.

Liko na la wizi hasa. Kwa kuwa picha alizochora mwenyewe zilikuwa chache na zimekuwa za bei kubwa nchi za nje, wapo watu waliochora picha wakaandika chini yake jina la E. S. Tingatinga, ili waziuze kama zake. Huko si kufuata mtindo. Ni kuiba jina la marehemu.

Picha zilivyofika Unguja

Watalii walipoongezeka Unguja katika miaka ya 1980 na 1990, wachoraji wa mtindo huu walizifuata fukwe zetu kama Tingatinga alivyoifuata Morogoro Stores. Wengine walitoka Bara. Wengine ni vijana wa hapa hapa waliojifunza mjini. Leo wanachora pia juu ya sinia, vibao vya funguo, viti vidogo na masanduku.

Nyumba nyingi za Uroa hazitundiki picha za viumbe, na sababu yake kila mtu anaijua. Wapo wachoraji wa Unguja ambao kwa ajili hiyo huchora zaidi madau, ngalawa, milango ya Mji Mkongwe na mitaa yake, kwa rangi zile zile. Wageni huzinunua. Hata hizo watu huziita tingatinga, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa wanyama.

Picha zenyewe zimebadilika. Za siku hizi zimejaa vitu. Mlima Kilimanjaro nyuma, twiga kumi mbele, jua jekundu, Mmasai na mkuki wake, vyote katika ubao mmoja. Nyingi zimefanywa kwa haraka, na ukipita maduka matano utaona twiga wale wale. Kwa maoni yangu chui mmoja wa mwaka 1970 anawashinda twiga kumi wa leo. Lakini mimi si mnunuzi, na mwenye kuuza humtazama mnunuzi.

Ubao wa dari nao umeachwa na wengi. Wachoraji wa sasa hutumia kitambaa kilichowambwa juu ya fremu ya mbao. Mgeni akishanunua, muuzaji hung'oa misumari, huikunja picha kama mkeka, akaifunga kwa uzi. Mgeni huitia ndani ya begi lake na kwenda nayo uwanja wa ndege. Rangi haikubadilika. Bado ni ile ile ya kopo, inayong'aa, ambayo fundi baiskeli anaipaka kwenye fremu na matapakti.